Ling Anyolewe au Asinyolewe

Birk Howe, Westmorland
7 Oktoba 1962

Mdogo wangu Dinah,

Pokea salamu zangu, kama unazitaka. Anwani yako nimepewa na binamu Agnes, baada ya kunisema nusu saa nzima kwamba leo ndiyo naomba kitu nilichopaswa kukiomba miaka kumi na mitano iliyopita. Nilimwacha aseme mpaka amalize. Chai yake ilikuwa nzuri.

Habari za hapa si nyingi. Nell alifariki mwezi wa tatu. Najua Agnes alikuandikia, na kadi yako ya pole ilifika. Sikuijibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mwanetu Tom yuko Barrow anajifunza kuchomelea vyuma vya meli, wala hana mpango wa kurudi kufuata kondoo. Kwa hiyo nimebaki mimi, kondoo mia mbili na kidogo, na farasi wako Ling.

Aliyenikalisha mezani na kalamu ni huyo Ling. Ulipoondoka hukumuuza wala hukumpa mtu, na mimi sijawahi kusema ni wangu. Nimemlisha tu. Sasa ana miaka ishirini na minne, na mwaka huu manyoya yake hayakupukutika. Mwezi wa tano ukapita, wa saba ukapita, na yeye bado amevaa koti la Januari. Sasa mapya yanaota juu ya ya zamani, yamejikunja kama ya kondoo. Anatoka jasho amesimama tu kivulini, na maji anakunywa kama ng'ombe wawili. Isaac Relph alipita hapa akamtazama, akaniuliza, "Joss, huyo ni farasi au umeanza kufuga dubu?"

Nimemwita Bwana Thwaite, daktari wa mifugo. Anasema ni ugonjwa wa uzee, mwili wake umesahau majira, na dawa hakuna. "Mnyoe kabla baridi haijakaza, umvishe blanketi. La sivyo jasho litapoa juu yake, na ubaridi utaingia mapafuni."

Unajua sisi farasi wa milima hii hatuwanyoi. Manyoya yao ndiyo paa lao. Katika bonde hili lote mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kushika mashine ya kunyolea farasi, naye yuko New Zealand. Basi nakuuliza: anyolewe au asinyolewe? Na kama ni kunyolewa, kiasi gani? Mashine ipo. Inaning'inia palepale ulipoiacha.

Kaka yako,
Joss


Karibu na Gore, New Zealand
24 Oktoba 1962

Kaka Joss,

Barua yako imetukuta tukizalisha kondoo, maana huku majira ni kinyume na kwenu. Mume wangu Colin ndiye aliyeipokea. Aliileta zizini ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kaa la moto. Binti yetu mkubwa akasoma mgongo wa bahasha. "Mama, Airey ni nani?"

"Mjomba wako."

"Tuna mjomba?"

Nikamwambia ashike miguu ya kondoo vizuri.

Sisi ni wazima. Wasichana ni wawili, mmoja ana miaka kumi na mmoja na mwingine minane, na wote wana pua ya Baba. Pole kwa Nell, kaka. Nilimpenda. Hata pale ambapo haikuwa rahisi kwake, alikuwa mwema kwangu.

Kuhusu Ling, nimeandika kurasa mbili nikazichana. Usiniulize mimi. Muulize mtu mwingine yeyote. Daktari wako amesema, mfuate daktari. Mimi sijashika mashine ya kunyolea tangu Desemba ya 1946. Farasi wetu wa hapa wakinyolewa, Colin humwita jirani, na mimi huingia ndani nikafungulia redio mpaka wamalize, nisiisikie ile sauti.

Unasema Ling ni wangu. Basi nimekupa. Kuanzia leo ni wako, na uamuzi ni wako.

Lakini analala chini, au anasinzia amesimama? Chakula anamaliza? Kwato za mbele ukizishika zina joto? Usijibu kama hutaki.

Dinah


Birk Howe
6 Novemba 1962

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia wasichana ni wazima, ila kwa hiyo pua nawaonea huruma. Hapa mvua haijakatika wiki mbili. Mto umebeba kipande cha ukuta wa chini, nami nimeokota mawe mpaka mgongo unalia. Tom alikuja Jumapili moja, akala, akalala kwenye kiti, akaondoka.

Umenipa farasi kwa barua kama mtu anavyompa mwenzake mafua. Sijampokea. Umeniuliza maswali, nakujibu. Analala chini. Chakula anamaliza, polepole kwa sababu ya meno. Kwato za mbele, ndiyo, zina joto.

Wiki iliyopita alilowa, na siku tatu hakukauka. Niliingiza vidole kwenye manyoya mpaka vikazama vyote. Chini ngozi ni ya moto, juu yake maji baridi, na katikati kuna vidonda na chawa. Alikuwa akitetemeka. Nikaenda nikachukua koti la mvua la Nell nikamfunika. Nell angeniona angenikimbiza kwa ufagio.

Mashine nimeishusha. Nimeitia mafuta, nikaenda bandani, nikaiweka begani pake. Mkono ukakataa. Kunyoa najua, Dinah, kila mwaka nanyoa kondoo mia mbili. Lakini mkono ulikataa, nami sitasema zaidi ya hapo.

Sikukuandikia ili tufukue ya zamani. Ni neno moja tu nataka kwako. Ndiyo, au hapana.

Joss


Karibu na Gore
18 Novemba 1962

Kaka Joss,

Salamu kutoka kwa Colin, ambaye anasema nikikuandikia leo niandike yote, maana kukaa nyumba moja na mimi kumemshinda. Wasichana wanakusalimu. Mdogo amekuchorea Ling, ingawa hajamwona. Mchoro umo humu ndani. Miguu ni mitano, sijui kwa nini.

Unasema hutasema zaidi. Basi nitasema mimi, kwa sababu miaka yote hii hakuna aliyenipa nafasi.

Vita vilipoisha nilirudi nyumbani kutoka kwenye mazizi ya wakubwa kule kusini, na nilirudi na ujuzi na majivuno. Farasi wetu Bess alikuwa akivuta magogo msituni kila siku. Jioni alirudi amelowa jasho chini ya lile koti zito, anafuka mvuke kama birika. Nikamwambia Baba, nikimnyoa atafanya kazi mkavu. Mama akasema, "Farasi wa hapa hanyolewi." Baba akacheka. "Mwache binti atuonyeshe alichojifunza."

Nikamnyoa mwili mzima, Joss. Nilimnyoa kama wanavyonyoa farasi wa matajiri wanaolala kwenye mazizi ya joto. Hata shingo, hata mapaja. Nilijivunia jinsi mistari ilivyonyooka. Na kwa wiki sita ilikuwa kweli, alifanya kazi mkavu na usiku akalala na blanketi bandani.

Halafu ikaja siku ile ya Februari. Asubuhi kulikuwa na jua, Baba akamtoa akampeleka malisho ya juu anyooshe miguu. Saa nane mchana dhoruba ikashuka. Baba alirudi kutoka kwa kina Relph, akakuta banda tupu, akapanda mlimani. Kule juu kulikuwa na farasi wengine watatu, wala hakuna aliyewaendea, kwa sababu walikuwa na manyoya yao. Walijibanza nyuma ya ukuta siku tano, kisha wakashuka wenyewe kutafuta nyasi. Ling alikuwa mmoja wao. Baba alimfuata Bess kwa sababu Bess alikuwa uchi, na aliyemvua ni mimi. Walipowapata wote wawili, koti la Baba lilikuwa mgongoni kwa Bess.

Wewe ndiye uliyesema pale jikoni, mbele ya Mama. "Kama Dinah asingemnyoa, Baba angekuwa hapa." Sikukujibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu saa ile Mama hakunitazama usoni. Nilivumilia mpaka mwezi wa nane, nikapanda meli. Kutoka huku nilimwandikia barua kumi na moja, na zote zilirudi hazijafunguliwa. Alipokufa nilijua kwa Agnes, wiki tatu baada ya kuzikwa.

Sasa nimesema. Na jibu lako ni hili: ndiyo. Mnyoe. Lakini usimnyoe nilivyonyoa mimi.

Chagua siku kavu isiyo na upepo. Mpige brashi kwanza mpaka vumbi liishe, la sivyo mashine itang'ata. Nyoa chini ya shingo, kifua, tumbo, na mbavu za chini mpaka usawa wa kiwiko. Mgongo uache. Kiuno na mapaja yaache. Miguu usiiguse, wala uso. Mwachie paa lake, mfungulie madirisha tu. Mashine ikipata moto isimamishe, maana ngozi ya mzee ni nyembamba. Vidonda vioshe kwa maji ya chumvi. Blanketi akae nalo mchana na usiku, na theluji ikianza asitoke nje. Asitoke, Joss, hata kama jua linawaka.

Dinah


Birk Howe
3 Desemba 1962

Mdogo wangu,

Salamu kwa Colin na wasichana. Mchoro nimeubandika juu ya jiko. Mwambie msanii kwamba mguu wa tano nimeuelewa, ni wa akiba.

Ling amenyolewa. Nilimnyoa juzi, siku kavu, kama ulivyosema. Mara mbili mashine ilikwama na mara moja nilikwama mimi, nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo. Yeye alisimama tu, mdomo wa chini umelegea, akisikiliza. Manyoya yalijaza magunia mawili. Nilipomaliza nikamwachia uani, akajitikisa, akajigaragaza, kisha bibi kizee wa miaka ishirini na minne akazunguka ua mbio mkia juu. Isaac Relph alikuwa langoni. "Umemvua suruali, Joss. Msitiri basi."

Amekauka. Kwato zimepoa. Anakula kwa hamu.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma. Nitayajibu, ila si leo.

Joss


Karibu na Gore
2 Januari 1963

Kaka Joss,

Heri ya mwaka mpya, ingawa sina utulivu wa kuusherehekea. Redio inasema Uingereza yote imefunikwa, treni zimesimama, watu wamefungiwa majumbani mwao na helikopta zinadondoshea kondoo nyasi. Sisi hapa tunakata nyasi jua kali, na mimi nasikia baridi.

Ling yuko ndani? Niandikie neno moja tu: ndani. Sihitaji zaidi.

Ulisema utajibu hayo mengine. Sikuharakishi.

Dinah


Karibu na Gore
29 Januari 1963

Joss,

Sijapata barua. Simu ya maandishi niliyotuma haikujibiwa. Agnes naye kimya. Colin ameniomba niache kwenda posta kila siku, maana mama wa dirishani ameanza kunitazama kama mjane.

Nilikwambia umnyoe. Mwezi haujaisha, mbingu zimeanguka tena. Kama umepanda mlimani kumfuata farasi wangu, sitakusamehe, unasikia? Mwache afe. Nasema mimi mwenyewe, mwenye farasi. Mwache afe, wewe ukae ndani.

Dinah


Birk Howe
27 Januari 1963

Mdogo wangu Dinah,

Barua hii sijui itatoka lini. Njia imezibwa tangu siku ya pili ya Krismasi, na tarishi hajaonekana wiki ya tano sasa. Mimi ni mzima. Viazi vipo, nyama ya chumvi ipo, chai inakaribia kuisha na hilo ndilo linaloniuma. Kondoo nawalisha wale ninaowafikia.

Ling yuko ndani. Dhoruba ya kwanza ilipoanza nilimtoa bandani nikamwingiza nyumbani, kile chumba cha mawe kando ya jiko alichotumia Mama kutengeneza siagi. Ana blanketi mbili. Kichwa chake kinafika mlango wa jikoni, na nikila uji ananitazama mpaka nampa bakuli alambe. Vidonda vimepona, na mahali nilipomnyoa manyoya mapya yanaota, laini kama ya mtoto. Hii ni barua kwa mtu aliyesema ndiyo, na ndiyo yako ilikuwa sahihi.

Sasa nijibu hayo mengine. Nina siku nyingi na sina mahali pa kukimbilia.

Asubuhi ile ya Februari Baba alinikuta uani. Mama alikuwa ndani, wewe ulikuwa unakamua ng'ombe. Akasema, "Joss, nimemtoa Bess. Mimi naenda kwa Relph. Wewe mshushe kabla ya saa sita, hili anga silipendi." Nikasema, "Sawa, Baba."

Nilisema hivyo, Dinah. Maneno mawili. Kisha lori la maziwa likapita kwenda Kendal, na Nell alikuwa Kendal, na tulikuwa tumegombana Jumapili. Nikawaza nitaenda na kurudi. Nikadandia. Theluji nilianza kuiona kupitia dirisha la mkahawa. Nell akasema, "Itapita." Sikumwambia kuna farasi ananingoja. Nilitaka kukaa.

Nilirudi kwa miguu, theluji mapajani. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni, Agnes na majirani wako ndani. "Baba yako kapanda mlimani. Nani amemwacha Bess huko juu?" Nawe ulikuwa nyuma yake, umejifunga kitambaa chako cha kijani kichwani. Nikakutazama, nikasema lile neno. Halikuwa uongo. Ndiyo maana liliwaingia wote.

Nilitaka kulirudisha kesho yake. Kesho yake tulikuwa mlimani tunachomeka fito kwenye theluji kumtafuta. Siku ya tano tukampata. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi. Barua zako kumi na moja ni Mama aliyezirudisha, lakini mtu aliyezibeba mpaka posta ni mimi.

Nell alijua. Alijua siku ile nilikuwa wapi, akajumlisha mwenyewe. Hakunisema mbele ya mtu. Kila Februari aliniambia, "Mwandikie Dinah," nami kila Februari nikasema sawa. Mwezi wa tatu mwaka jana, sauti imebaki nyembamba, alisema tena, "Joss, mwandikie." Sikumwambia sawa safari hii. Na bado nilihitaji miezi saba na farasi mgonjwa.

Kuna jingine, nalo ndilo baya zaidi. Mwaka kabla ya kufa, Mama aliniuliza tukiwa tunamenya viazi. "Joss, baba yako hakusahau mnyama hata siku moja. Mbona alimsahau Bess?" Pale mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamjibu, "Alikuwa anazeeka, Mama." Baba alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Mama akaendelea kumenya.


8 Machi 1963

Naendelea kwenye karatasi hiyohiyo. Theluji ilianza kuyeyuka juzi, maji yanakimbia kila upande, na tarishi amefika leo amevaa mabuti mpaka kiunoni. Amenipa barua zako mbili na simu yako kwa pamoja. Nimesoma ya mwisho nimesimama. Sikupanda mlimani, Dinah. Nilikaa ndani na farasi wako.

Ling alikufa jana. Aliivuka baridi yote akiwa na afya kuliko mimi. Jana kulikuwa na jua, nikamvua blanketi nikamtoa mpaka kiwanja cha chini ambako majani yameanza kuonekana. Alikula kidogo. Akasimama, uso kwenye jua, muda mrefu. Halafu akalala chini, nami nikadhani anapumzika. Nilipomwendea alikuwa anapumua kwa mbali. Nilikaa naye mpaka ikaisha. Haikuchukua muda.

Hakufa kwa baridi wala kwa kunyolewa. Bwana Thwaite alikuja leo akasema moyo ulichoka, basi. Nimemuuliza mara tatu, niwe na hakika kabla ya kukuandikia. Nimemzika palepale.

Joss


Karibu na Gore
2 Aprili 1963

Joss,

Sisi ni wazima.

Asante kwa kumtunza Ling, na kwa kukaa naye. Nimemlilia siku mbili. Kwa hayo mengine sijapata machozi.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikampa Colin aiweke mahali nisipopajua. Nilidhani ukweli ukija utanipunguzia kitu. Baba bado alipanda kwa sababu Bess alikuwa uchi, na hilo ni langu mpaka nife. Lakini nililibeba zima, Joss, na nusu ilikuwa yako. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilivuka dunia kwenda kuishi mahali ambapo hakuna anayejua jina langu, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeweza kukaa meza moja na mimi, na wewe ulikuwa umekaa kwenye meza hiyo unakula.

Na Mama. Uliona anauliza. Alikuwa anakutafutia njia, ukaifunga. Ungesema, angefungua hata barua moja tu. Hilo huwezi kunirudishia, hata ukiandika vitabu.

Sitaki uniombe radhi. Nenda kaburini kwa Mama ukamwambie, kwa sauti, siyo moyoni. Kisha mwambie Agnes, na Isaac Relph, na Tom, na kila aliye hai katika wale waliokuwa jikoni siku ile. Usiniandikie mpaka umemaliza.

Dinah


Birk Howe
19 Mei 1963

Mdogo wangu Dinah,

Salamu kwako na kwa wote. Nimemaliza, ndiyo maana naandika.

Nilianza na Tom, kwa sababu nilidhani kijana atakuwa mwepesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama alijua?" Nikasema ndiyo. Akavaa kofia akaenda kituoni kwa miguu, maili sita. Hajaandika.

Agnes hakunikaribisha chai. Alisema, "Mimi nilimkatalia Dinah kitanda usiku wake wa mwisho hapa, kwa sababu yako," akafunga mlango polepole, na afadhali angeubamiza.

Isaac nilimkuta anakarabati ukuta wa mpakani. Aliendelea kupanga mawe nikiwa naongea. Nilipomaliza akasema, "Nilibeba miguu ya baba yako kushuka mlima ule. Wewe ulibeba mabega. Njia nzima nilikuwa nakutazama usoni, nikisema moyoni, maskini kijana huyu."

"Ndiyo, Isaac."

"Shika hilo jiwe kubwa," akasema. Tukamaliza kipande kile cha ukuta. Tangu siku hiyo hajanitania hata mara moja, nami sikujua kama utani wake ulikuwa mwingi kiasi hicho katika maisha yangu.

Kwa Mama nilienda mwisho. Nilivua kofia nikasema kwa sauti, kuanzia uani mpaka viazi. Mtu aliyekuwa anakata majani upande wa pili wa kanisa alisimamisha mashine yake akasikiliza. Nikamwacha asikilize. Nilidhani nitarudi nyumbani mwepesi. Sikurudi mwepesi. Nilirudi nikakaa kwenye kile chumba cha mawe, ambacho bado kina harufu ya farasi, na kwa mara ya kwanza tangu Nell aondoke nililia.

Sina tena kitu chako mkononi mwangu. Farasi ameenda, na ukweli unao. Huna lazima ya kunijibu, na usipojibu sitaudhika.

Joss


Karibu na Gore
30 Juni 1963

Kaka Joss,

Salamu kutoka kwetu. Colin ameumia kidole kwenye lango, si vibaya. Huku sasa ndiyo baridi. Leo asubuhi theluji kidogo imeanguka, wasichana wakatoka nje kuila kwa ulimi.

Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Najaribu, hasa nikiwa kazini, na kuna siku nakaribia, kisha namkumbuka Mama na viazi vyake nikarudi mwanzo. Huenda itakuja. Huenda isije tukafa hivihivi, wewe huko na mimi huku.

Agnes ameniandikia kurasa nane. Amelia kwenye kila ukurasa, wino umechuruzika. Sijui nimjibu nini. Sikutaka mtu apige magoti, nilitaka kitanda usiku ule.

Mkubwa anauliza mjomba wake ana sura gani. Nimemwambia nilipomwacha alikuwa na miaka ishirini na sita na nywele nyekundu, na alikuwa akipiga mluzi akipanda ngazi. Sikuwa na jingine la kumwambia.

Katika barua zako zote hukuniambia kondoo wangapi walipona baridi, wala mwaka huu wamezaa wangapi. Ukiandika tena, anza na hilo.

Dinah